Tumeongeza Kumi na Moja, Tumepunguza Lipi?

Kikao kilikuwa kinaelekea kuisha. Nilisimama mbele ya ubao, makapeni mkononi, nikiwa na ile furaha ya mtu aliyekesha siku tatu akiandaa kitu na sasa amekimaliza. Ubaoni kulikuwa na malengo kumi na moja ya mwaka ya kiwanda chetu kidogo cha uchapaji, kila moja na rangi yake. Kuongeza mauzo kwa asilimia 30. Kuwa wepesi kwenye kazi za vitabu. Kuanzisha huduma ya fulana kikamilifu. Kupata wateja wakubwa watano. Kupunguza upotevu wa karatasi. Na mengine, na mengine.

"Kuna swali?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia swali.

Fundi wetu wa mashine ya kukatia, mtu mzima kuliko sote pale, akainua mkono. Huyu si msemaji. Kwenye vikao hukaa karibu na mlango, anasikiliza, kikiisha anarudi kwenye karatasi zake. Safari hii nilikuwa nimemwona akihesabu kwa vidole.

"Bosi, samahani. Haya kumi na moja tumeyaongeza. Tumepunguza lipi?"

Nikatoa jibu ambalo kila mwenye biashara analo mfukoni.

"Tutajipanga, mzee wangu."

Watu wakacheka kidogo, wakainuka, wakaenda kazini. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Leo ni mwisho wa Aprili na lile swali bado sijalimeza.

## Neno letu tamu

"Tutajipanga" ni neno zuri sana. Linamtuliza anayelisema na anayeambiwa, wote wawili, na siku hiyo haligharimu kitu. Nimelitumia kwa wateja, kwa mhasibu, kwa mwenye jengo. Sikuwahi kujiuliza lina maana gani nikilitamka mbele ya mpango wa mwaka mzima, wakati mpango wenyewe ndio ulipaswa kuwa huko kujipanga.

Yaani niliwaita watu niwaonyeshe tulivyojipanga, nikaulizwa swali moja, nikasema tutajipanga.

Kwa siku kadhaa nilijitetea kichwani. Fundi hajui mambo ya mikakati, nikajiambia, kazi yake ni kukata. Kupanga ni kutazama mbele, kutazama mbele ni kukua, na nani aliwahi kukua kwa kupunguza? Halafu kuna ule msemo wetu, mipango si matumizi, ambao huwa tunautoa haraka mambo yakienda mrama, kana kwamba wahenga walitupa ruhusa ya kupanga ovyo.

Februari ndiyo iliyonitoa kwenye utetezi huo.

Tulikuwa na oda ya kitabu, nakala 800, kurasa 160. Kazi ya kawaida kwetu. Jumatatu karatasi zote zilikuwa zimeshachapwa, zimebaki kukunjwa, kupangwa na kujalidiwa. Alhamisi mwenye kitabu akapiga simu kuulizia, nikamwambia kesho. Ijumaa nikaenda mwenyewe kule nyuma kuangalia. Nikakuta mafungu ya karatasi za kitabu yameegemezwa ukutani, na juu yake yamepangwa maboksi manne ya fulana nyeupe zinazosubiri kuchapwa. Boksi la juu lilikuwa wazi, na mkono wa fulana moja ulikuwa unaning'inia juu ya ukurasa wa kwanza wa kitabu cha watu.

Lengo namba 3 lilikuwa limelikalia lengo namba 2.

Na hakuna aliyekosea. Mjalidi wetu alikuwa anachapa fulana kwa sababu mimi nilisema fulana ni kipaumbele. Vitabu navyo nilisema ni kipaumbele. Baadaye nilihesabu, neno "kipaumbele" limo mara sita kwenye ule mpango. Mlango ni mmoja. Sijui niliwaza sita watatangulia vipi.

Kitabu kilitoka siku tisa baada ya ahadi. Mwenyewe hakugomba. Alilipa, akapakia, akaondoka kimya, na mwenye biashara yeyote anaujua ukimya ule.

## Mtu aliyedondoka njiani

Usiku wa siku hiyo nilifanya kitu kidogo. Nilichukua nakala ya mpango na penseli, nikaandika pembeni ya kila lengo jina la mtu atakayelifanya. Si idara (sisi ni watu saba, idara za nini), jina.

Jina langu lilitokea mara saba. Mhasibu mara moja. Dada wa kaunta mara moja. Malengo mawili yalibaki matupu, sikupata wa kumwandika hata kwa kulazimisha.

Nilikaa nikilitazama jina langu lile, mara saba, mwandiko uleule, nikaona aibu ambayo sikuitegemea. Mtu mwenye kazi saba kubwa juu ya kazi yake ya kila siku hana mpango. Ana matumaini, na ameyapiga chapa.

Wengi wetu tumepita kwenye semina tukafundishwa malengo ya SMART, herufi tano za Kiingereza ambazo kila moja ni sifa ya lengo zuri, na herufi ya A tukaambiwa lengo liwe linafikika. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu wangu hivyo. Basi nikaenda kutafuta chimbuko lake. Aliyeziandika herufi hizo ni Mmarekani, George T. Doran, mtu wa mipango aliyewahi kufanya kazi hiyo katika kampuni ya Washington Water Power, kwenye jarida la Management Review la Novemba 1981. Na A yake haikuwa ya kufikika. Ilikuwa ya kumpangia mtu: lengo liseme nani atalifanya. Lile la uhalisia, kwamba liwezekane kwa rasilimali zilizopo, alikuwa ameshaliweka kwenye R. Kwa hiyo tunachofundishana leo ni kitu kimoja mara mbili, na mtu amedondoka njiani.

Doran pia aliandika kwamba si lazima kila lengo litimize herufi zote tano. Hilo nalo semina huwa zinaliruka. Nadhani lingeharibu slaidi.

## Profoma hewa

Lengo moja kati ya yale kumi na moja lilikuwa na kila kitu. Lilikuwa na jina, namba na muda. Dada wa kaunta atoe profoma 20 kila wiki, yaani zile karatasi za bei anazopewa mteja kabla hajaagiza kazi. Nilijivunia lengo lile kuliko yote, maana hata bila Doran lilikuwa limenyooka.

Wiki ya tatu alifikisha 26. Nikampongeza mbele ya wenzake.

Mhasibu wetu, mama mmoja mtaratibu asiyependa sifa za haraka, aliniita pembeni. "Kabla ya Januari tulikuwa tunatoa profoma tisa, kumi kwa wiki, nne zinageuka kazi. Sasa tunatoa 26. Unajua ngapi zinageuka kazi?"

"Ngapi?"

"Nne."

Dada alikuwa anampa profoma kila aliyeingia mlangoni. Aliyeuliza bei ya stika moja alipewa profoma. Nina uhakika kuna mtu aliyeingia kuulizia ofisi ya jirani akatoka na profoma. Na sikuweza kumlaumu, nilimwomba karatasi 20 na yeye akaleta karatasi 26.

Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alilisema jambo hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, na mwaka 1997 mwanaanthropolojia Marilyn Strathern akalifupisha hivi: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Mfano wake mkubwa ni benki ya Wells Fargo ya Marekani. Uongozi ulitaka kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Kwa nini nane? Kauli mbiu yao ilicheza na sauti tu, maana kwa Kiingereza neno la nane linafanana kimatamshi na neno la bora kabisa. Wafanyakazi, wakiogopa kukosa namba, wakafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Mambo yalipolipuka Septemba 2016, benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa ajili ya vitendo hivyo.

Wao walikuwa na akaunti hewa, sisi tulikuwa na profoma hewa. Tofauti ni ukubwa wa jengo.

Nilimwomba radhi yule dada, na si kwa maneno ya juu juu. Kisha nikasoma zaidi kidogo, maana sasa nilikuwa na hofu ya namba zote. Edwin Locke, aliyeanza kuchunguza malengo miaka ya 1960, na mwenzake Gary Latham walionyesha kwa majaribio mengi kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu afanye vizuri kuliko kumwambia "jitahidi uwezavyo". Semina huishia hapo. Lakini wao waliendelea: mtu awe na uwezo, awe amelikubali lengo, awe anapata taarifa za maendeleo yake. Na kazi ikiwa ngeni au ngumu kiasi kwamba njia yake haijulikani bado, lengo la kujifunza hufaa kuliko lengo la matokeo.

Sisi hatukujua kwa nini watu wanachukua profoma na hawarudi. Njia haikujulikana. Na mimi nilikuwa nimeweka namba ya matokeo juu ya kitu tusichokijua.

Tukabadilisha. Tukafuta 20 kwa wiki, tukaandika: hadi mwisho wa Machi, tujue kwa nini hawarudi. Dada akapiga simu kumi na tano. Jibu lilikuwa la kuudhi kwa urahisi wake. Sisi tulitoa profoma kesho yake, wenzetu waliitoa ndani ya saa moja. Mteja aliyepata karatasi ya kwanza alienda nayo.

## Daftari la nusu saa

Swali la fundi lakini lilikuwa bado liko palepale. Tumepunguza lipi?

Ili kupunguza ilibidi nijue tunafanya nini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui. Najua tunachouza. Tunachofanya kutwa nzima ni kitu kingine. Mali bila daftari huisha bila habari, na muda nao vivyo hivyo, ila muda haukuachii hata rafu tupu ya kukushtua.

Kwa wiki mbili za Machi, watu wote saba tukaandika kila nusu saa tumeitumia kwenye kazi gani. Watu walinung'unika. Mbunifu wetu siku ya pili aliandika "kujaza daftari hili" kwenye nusu saa moja nzima, nikacheka nikaiacha. Mwisho wa wiki ya pili mhasibu akaziweka saa upande mmoja na faida upande wa pili, faida halisi, baada ya kutoa karatasi, wino na vifaa.

Kazi ndogondogo za haraka, yaani stika, kadi tano tano, bango moja la kesho asubuhi, zilikula saa 40 kati ya kila 100 tulizofanya kazi. Faida yake ilikuwa 12 kati ya 100.

Vitabu: saa 30, faida 64.

Fulana: saa 20, faida 8.

Nilimwomba arudie hesabu. Akarudia, na namba zikabaki zilezile.

Fulana zilikuwa wazo langu. Nililibeba mwaka mzima, nikaweka akiba, nikanunua mashine, nikaipiga picha ilipofika. Nilikuwa nikisimulia kila mahali kwamba sasa "tunapanuka". Na sasa kulikuwa na karatasi mezani inayosema tunatumia siku moja kati ya kila tano kutafuta faida isiyofika hata moja ya kumi.

## Zile ndizo zinazolipa umeme

Nikaingia na hasira ya aliyeokoka jana. Nikamwambia mhasibu tunaacha kazi ndogo zote na fulana zote, kuanzia Jumatatu. Tunabaki na vitabu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba Michael Porter, profesa wa Harvard, aliandika mwaka 1996 kuwa kiini cha mkakati ni kuchagua usichokifanya, na nilijiona nimeuelewa mkakati kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Wa vitabu wanalipa lini?"

Siku 45. Wengine 60.

"Na wa stika?"

Papo hapo.

"Zile ndogo ndizo zinazolipa umeme, kijana wangu. Faida unaiona mwisho wa mwezi, lakini bili haingoji mwisho wa mwezi."

Huwa ananiita kijana wangu nikikosea sana.

Alikuwa sahihi, na kosa langu lilikuwa lilelile la Januari likiwa limegeuzwa nguo ndani nje. Januari niliongeza bila kuangalia, Machi nilitaka kupunguza bila kuangalia. Faida na fedha taslimu ni vitu viwili, na biashara inaweza kufa ikiwa na faida vitabuni kwa sababu tu siku ya kulipa haina kitu kwenye droo.

Tulipofika kwenye makubaliano hayakuwa ya kishujaa. Kazi ndogo zinapokelewa, lakini zinafanywa asubuhi tu, hadi saa sita. Bango la "sasa hivi" linaloingia saa tisa alasiri linasubiri kesho. Fulana tunaacha.

Kuandika "tunaacha" kumenichukua dakika mbili hapa. Kuamua kulinichukua wiki mbili zaidi.

## Pikipiki ndogo

Kilichonizuia ni Honda.

Mwaka 1959 Honda ilipeleka watu wachache Los Angeles, wakiongozwa na Kihachiro Kawashima, kwenda kuuza pikipiki. Walitegemea zile kubwa, maana Wamarekani walionekana watu wa vitu vikubwa. Zikaanza kuvuja oili na kuharibika klachi, kwa kuwa kule ziliendeshwa mbali zaidi na kwa kasi zaidi kuliko Japani. Wakati huohuo wale wafanyakazi walikuwa wakizunguka mjini kwa shughuli zao na vipikipiki vidogo vya cc 50, Super Cub. Watu wakaanza kuviulizia. Hata mnunuzi wa kampuni ya Sears akapiga simu. Hivyo vidogo ndivyo vilivyowafungulia soko. Mtafiti Richard Pascale alipowahoji wenyewe na kuchapisha simulizi yao mwaka 1984, ilionekana kwamba hawakwenda na mkakati wowote wa maana zaidi ya kujaribu kuona kama wanaweza kuuza kitu Marekani.

Henry Mintzberg na James Waters, wasomi wa menejimenti, mwaka mmoja baadaye walitofautisha mkakati uliokusudiwa na mkakati unaojitokeza wenyewe kazini, taratibu, bila mtu kuupigia kikao.

Sasa niambie. Je, kama fulana ndizo pikipiki zangu ndogo? Je, kama nina kitu kinachoanza kuota na mimi, kwa namba za wiki mbili tu, nakikanyaga? Porter ananiambia chagua, hawa wengine wananiambia sikiliza, na wote wana mifano ya kweli. Usiku mmoja niliupinga uamuzi wangu mara tatu kabla ya kulala. Asubuhi nikaupinga mara ya nne.

Nilichokuja kukiona, na sina uhakika kama kinamfaa mwingine, ni kwamba ile hadithi ya Honda nilikuwa naisoma kwa upande unaonifurahisha. Vile vipikipiki vidogo watu *walivifuata*. Wenye kampuni ndio waliokuwa wakisita kuviuza, wakiogopa kuharibu sura yao mbele ya wapenzi wa pikipiki kubwa. Fulana zetu zilikuwa kinyume kabisa. Hakuna aliyezifuata. Mimi ndiye niliyekuwa nawasukumia wateja wa vitabu: "Na fulana je? Za uzinduzi?" Waliokubali, wengi walikubali kwa heshima.

Hata hivyo sikuiuza mashine. Niliifunika turubai. Na kaunta tuliweka daftari dogo ambapo kila anayeulizia fulana anaandikwa: lini, ngapi, za nini. Tukamwelekeza kwingine, lakini tukamwandika. Likijaa, nitakula maneno yangu. Mpaka leo lina mistari minne, mmoja wao ni shemeji yangu.

Steve Jobs aliporudi Apple mwaka 1997, kampuni ikiwa na hasara ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka ule wa fedha, alipunguza bidhaa zikabaki za kuhesabika, na mwaka uliofuata wakapata faida ya dola milioni 309. Hadithi hii imesimuliwa hadi imechakaa. Nimeitaja kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wasimulizi hukipita mbio. Mwanzoni mwa 1998 alifunga pia Newton, kifaa cha mkononi ambacho watu wa humo ndani walikuwa wamekitumikia kwa miaka. Kila kilichofutwa kwenye ubao kilikuwa na mtu aliyekipiga picha kilipofika.

## Desemba ya kujifanya

Mwanzoni mwa Aprili nikaitisha kikao kingine. Safari hii sikukesha.

Niliwaonyesha ile nakala ya penseli, jina langu mara saba. Wakacheka, fundi hakucheka. Halafu tukafanya zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein aliliandikia mwaka 2007: mnajifanya muda umeshapita na mpango umeshakufa, kila mtu anaandika peke yake kilichouua. Ni rahisi mtu kueleza kifo kuliko kuonya kuhusu ugonjwa, hasa akiwa mbele ya bosi wake. Nikasema leo ni Desemba, mpango ni marehemu. Karatasi bila majina.

Mimi niliandika "ushindani".

Karatasi moja ilisema umeme. Nne, kwa maneno tofauti, zilisema jambo moja. Ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa, ambayo mwandiko wake naujua maana ndio ulioko kwenye lebo zote za stoo, ilisema: BOSI ALILETA WAZO JIPYA MWEZI WA TANO.

Nilisoma zote kwa sauti kama nilivyoahidi. Ya mwisho ilikuwa imekunjwa mara nne. Ilisema, "Mimi nilikuwa nimeshapata kazi kwingine."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sijauliza ni ya nani na sitauliza. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa kwamba lile swali la Januari halikuwa la mikakati hata kidogo. Mzee alikuwa ananiambia watu wamechoka, kwa njia pekee ambayo mtu wa umri wake anaweza kumwambia bosi ambaye yeye amemzidi miaka ishirini na mbili. Malengo kumi na moja juu ya ubao ni saa za mtu fulani, na mtu huyo alikuwa amekaa pale karibu na mlango akihesabu kwa vidole.

## Mstari ulio wazi

Tumebaki na malengo manne. Kitabu kitoke ndani ya siku 12 tangu oda kuthibitishwa: mjalidi. Profoma itoke ndani ya saa moja: dada wa kaunta. Akiba ya gharama za miezi miwili ifikapo Desemba: mhasibu. La nne, wateja watatu wa vitabu wanaorudia oda kila mwaka.

Nilipofika kwenye hilo la nne nikaanza kuandika jina langu. Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili.

"Bosi," fundi akasema kutoka mlangoni, "hilo jina tumeshaliona mara saba."

Nikafuta.

Tukakubaliana mstari ubaki wazi mpaka mwisho wa Juni. Akipatikana mtu, kati yetu au wa kuajiri, ataandikwa, na kitu kingine kitatolewa kwenye mikono yake. Asipopatikana, lengo linafutwa na hakuna atakayesema tumeshindwa.

Bado uko wazi. Mbunifu kapendekeza tuweke picha ya kiti kitupu, nimekataa. Juzi jioni, wengine wameshaondoka, nilimkuta dada wa kaunta amesimama mbele ya ubao, makapeni mkononi, kifuniko kimefunguliwa. Aliponisikia akaifunika, akairudisha pale inapokaa, akasema tutaonana kesho.